Kipakatalishi cha Tarehe 20

Ilikuwa tarehe 20 Novemba, baada ya sala ya Maghrib, mvua ya vuli ikiupiga mji wa Embu kama mdai aliyechoka kungoja, umeme ulipokatika. Nilikuwa mbele ya kipakatalishi changu, laptopu kama wengi wetu tunavyoiita, nikimalizia ritani ya VAT ya duka moja la vifaa vya ujenzi lililoko Mombasa. Mwenye duka ni mtu wa kwetu, tumekua mtaa mmoja, naye alinikabidhi hesabu zake tangu nilipoolewa nikahamia huku bara. Taa zilipozimika, kioo nacho kilizimika papo hapo. Betri ya mashine ile ilikuwa pambo tu.

Wanaoshughulika na kodi wataujua uzito wa tarehe hiyo. Ritani ya VAT hutakiwa iwe imefika KRA kabla ya siku ya 20 ya mwezi unaofuata kwisha, na anayechelewa hutozwa shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Simu haikunifaa, kwa kuwa fomu yenyewe ni faili la Excel linalotaka kompyuta kamili. Nilikaa na mshumaa hadi saa sita ya usiku ikapita. Faini niliilipa mwenyewe, maana hesabu za mtu ni amana. Naye hakunilaumu. Alisema tu, "Haya dada, mwezi ujao tutazame." Neno hilo "tutazame" liliniuma kuliko zile shilingi 10,000.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yako pande hizi za Mbeere na mipakani mwake. Gitaru pekee liliundwa kuzalisha megawati 225. Umeme unapita juu ya vichwa vyetu ukielekea mbali, nasi tunatafuta kiberiti.

Lakini kosa halikuwa la mvua. Mashine ile niliinunua Nairobi, nikiwa safarini kutoka Mombasa, kwa shilingi 24,000. Ilikuwa imetumika ng'ambo, imesuguliwa ikang'ara, na ilikuwa na kibandiko cha "i5" kilichonitosha kuamini. Muuzaji aliiwasha ikiwa imechomekwa kwenye umeme, nami sikumwambia aichomoe. Nilikuwa na haraka ya basi. Baadaye nilijifunza kwamba "i5" haisemi mengi mpaka usome tarakimu zinazoifuata: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8350U ni ya kizazi cha nane. Tofauti hiyo si ndogo. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa chipu za Intel, inataka kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache mno. Yangu ilikuwa ya sita. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua mashine iliyokwisha zeeka, na ndani yake nikatia siri za biashara za watu.

Baba watoto alipendekeza tuchukue mpya kwa malipo ya kidogo kidogo. Nikausoma mkataba. Kuuza kwa awamu, kwa bei iliyokubaliwa mwanzo, wanazuoni wengi hawaoni ubaya. Kilichonikwaza ni kifungu cha chini kilichosema kwamba kila siku ya kuchelewa deni litaongezeka. Hapo nikaifunga karatasi. Nikampigia mwenzangu mmoja katika mchezo wetu wa pesa wa akina mama, nikamwomba tubadilishane zamu: achukue yangu ya Machi, nichukue yake ya Disemba. Alikubali kabla sijamaliza maelezo. Mwenyezi Mungu amlipe.

Wifi yangu anaishi Meru, naye alinielekeza kwa kijana mwenye duka dogo mjini humo. Nikapanda matatu asubuhi. Njia hiyo hupita Chuka, Chogoria na Nkubu, ikishuka na kupanda mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya, na kwenye Daraja la Nithi abiria wote hunyamaza, kwani ajali za pale zimeliza nyumba nyingi. Nilifika na shilingi 38,000 na nia ya kutoharakishwa na mtu.

Kijana alinionyesha ThinkPad ya kizazi cha nane, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Kabla sijauliza lolote, akaigeuza na kusema, "Mama, bawaba ya kushoto imelegea, italia ukiifungua. Na hapa pembeni kioo kina alama." Nilimtazama kwa muda. Marehemu baba yangu alikuwa akiuza vitambaa Mombasa, na kila jora lenye dosari alilifungua mahali penye dosari kwanza, mnunuzi aone, ndipo wazungumze bei. Alikuwa akisema kwamba aibu ya bidhaa ikifichwa, mnunuzi ana haki ya kuirudisha, na muuzaji ana la kujibu kwa Mola wake.

Hata hivyo niliijaribu. Nilichomoa chaja, nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika powercfg /batteryreport. Mashine ikatoa ripoti yenye tarakimu mbili muhimu: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ilikuwa imebakiwa na asilimia 86. Lau ningalifanya hivyo Nairobi, dakika moja ingaliniokoa. Kisha nikabonyeza kila herufi ya kibodi, nikampigia wifi kwa video kuijaribu kamera na maikrofoni, nikaiacha iendelee kufanya kazi bila chaja nilipokwenda kusali Adhuhuri. Nilirudi nikaikuta hai, haijapata joto. Niliuliza kama betri ya aina ile hupatikana hapo Meru; akafungua mtoto wa meza akanionyesha mbili. Swali hili wanunuzi wengi hulisahau, na kwa sisi tulio mbali na Nairobi lina thamani kuliko wembamba wa mashine.

Mwisho nikadai risiti ya eTIMS, na namba ya mashine iandikwe kwenye dhamana ya miezi sita. Kijana akacheka: "Mama, wewe ni wa KRA?" Nikamwambia mimi ni mke wa mwalimu. Alinipunguzia shilingi 2,000 kwa ajili ya bawaba, nami nikazitumia kununua kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme, maana huku ukirudi hurudi kwa kishindo.

Tarehe 20 Disemba umeme ulikatika tena, saa moja na robo ya usiku. Nikaunganisha mtandao wa simu, nikaendelea. Ritani ilikwenda saa mbili kasoro, betri ikiwa bado juu ya nusu, nami nikamtumia mwenye duka picha ya risiti. Alijibu, "Shukran, dada," na asubuhi yake akanitumia hesabu za duka lake la pili, la Likoni. Bawaba ya kushoto hulia kila alfajiri niifunguapo, na mtoto wangu mdogo ameshajifunza kuiiga sauti yake.