Nilitaka samaki wala watu chumbani, mzee akanizindua!

Kila mtu ana ugonjwa wake. Yupo anayekonda kwa ajili ya viatu, yupo anayekosa usingizi kwa sababu ya redio kubwa. Mimi ugonjwa wangu ni samaki, na si samaki wa kukaanga.

Nilianza kuumwa utotoni, katika kibanda cha video, siku walipoonyesha ile filamu ya zamani ya "Piranha" ya mwaka 1978. Wenzangu walikuwa wanafunika macho, mimi nimekodoa tu. Nikajiapiza kwamba siku nikiwa na chumba changu, hao samaki wa Amazon wenye meno ya wembe watalala na mimi.

Chumba nimekipata. Ni cha uani, nyumbani kwa mzee wangu hapa Tumbi, Kibaha. Mwaka jana jirani mmoja alihama akaniachia kwa bei ya kutupa tangi la kioo la lita 200 na pampu yake. Washkaji wa maskani wakaanza kuja kuchungulia tangi tupu. Nikajiona nimeshaula. Nikiweka piranha humo, nani tena Tumbi nzima atazungumzia redio ya mtu?

Nikapelekwa kwa dalali mmoja mjini Dar. Jamaa ana maneno matamu kuliko halua. Akanionyesha ndoo yenye samaki wawili wa ukubwa wa kiganja, tumbo jekundu. Akambinya mmoja mdomo nione meno. "Mwanangu, hawa wameingia kwa mlango wa nyuma. Ukichelewa, kuna Mhindi anawataka." Bei laki mbili. Nikatoa elfu themanini ya kutanguliza, tukakubaliana nimalizie mwisho wa mwezi.

Hiyo elfu themanini, msomaji wangu, haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya kujiandikisha kurudia mtihani wa Kidato cha Nne. Mama ndiye aliyenipa, kidogo kidogo, kutoka kwenye biashara yake ya vitumbua.

Siri ikavuja kupitia mdogo wangu. Jioni mzee akaniita barazani. Mzee ni dereva mstaafu, mzaliwa wa Ukerewe. Nikajua leo nitafukuzwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia unaleta samaki kutoka nje."

"Ni wa kuangalia tu, baba. Watakaa ndani ya kioo."

Hakugomba, na heri angegomba! Akaanza kunisimulia habari za furu.

Zamani, alisema, furu ndio waliokuwa kitoweo cha kila siku kisiwani. Vidogo, vya kila rangi, bibi yangu anavianika juani. Babu alikuwa na mtumbwi na nyavu za matundu madogo, na nyavu hizo ndizo zilizomsomesha. Kisha sangara akafika. Sangara hakuzaliwa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, watu wakidhani wanaongeza neema. Alikaa kimya karibu miaka 20, halafu katika miaka ya 1980 akalipuka. Anaweza kufikisha zaidi ya kilo 100, na anakula wenzake. Wanasayansi wanakadiria ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na kwamba karibu 200 zilitoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia.

"Waliokuwa na fedha za nyavu kubwa walitajirika," mzee akasema. "Viwanda vikaja, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tukabaki na mapanki. Babu yako nyavu zake zikaoza ukutani. Na aliyemleta yule samaki naye alisema hana madhara."

Nikajitetea kwamba kioo si ziwa. Akaniuliza mvua ya masika ikivunja ukuta wa chumba changu, maji yataelekea wapi. Nikanyamaza. Maji ya huku yanatafuta mabonde, na mabonde yanatafuta Mto Ruvu, ambao ndio unaonywesha Kibaha na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Sisemi piranha angezaliana huko. Lakini hata waliopandikiza sangara hawakujua yatakayotokea.

Kesho yake nikaingia kusoma. Kumbe Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake haziruhusu mtu kujiletea tu samaki hai kutoka nje; lazima kibali cha Idara ya Uvuvi. Hata Marekani, majimbo kama Florida na California yamepiga marufuku kufuga piranha. "Mlango wa nyuma" maana yake mimi ndiye ningekutwa na mzigo.

Na kituko kingine: piranha halisi ana meno ya pembe tatu, makali kama msumeno. Wale wa kwenye ndoo walikuwa na meno bapa kama ya binadamu. Hao wanaitwa pacu, binamu yake, mla matunda na mbegu, anayekua hadi kuzidi sinia. Nilikuwa nanunua kosa la jinai, na bado nauziwa feki! Nilirudi kudai fedha yangu. Namba ya dalali haipatikani hadi leo.

Sasa wewe mwenye ugonjwa kama wangu, usikate tamaa. Vituko vipo nyumbani. Ziwa Nyasa kuna samaki mwenye mabaka kama chui, Nimbochromis livingstonii. Wenzetu wa Malawi wanamwita kaligono, yaani msinziaji. Analala chini ubavu kama mzoga, vidagaa wakisogea kuonja, anawadaka. Ila huyo anataka tangi kubwa kuliko langu. Ziwa Tanganyika wapo wadogo wa urefu wa kidole wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, na wanakulinda kombe lao ile mbaya. Ukiingiza mkono wanakuvamia! Samaki wa Kigoma wanasafirishwa hadi Ulaya, sisi tunahangaikia ndoo za dalali.

Na hapa hapa bonde la Ruvu, madimbwi ya mvua yana samaki wa Nothobranchius, madume yake yamepakwa rangi kama kanga mpya. Dimbwi likikauka wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope kavu yakingoja mvua ijayo. Ila usikimbilie kuchota, muone kwanza ofisa uvuvi. Na ukinunua, nunua kwa mwenye karatasi.

Mimi nimeanza na wale wa kwenye makombe, sita tu, kwa muuzaji mwenye leseni. Kabla ya kuwaingiza niliacha pampu na chujio vizunguke wiki kadhaa, huku nikidondosha chakula kidogo, maana tangi jipya linaua. Maji ya bomba nayalaza kwanza dawa ipungue, na nimeweka mawe ya chokaa kwa sababu Ziwa Tanganyika lina maji magumu.

Mtihani mwaka huu umenipita. Mama hajaniuliza, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Kwa kila makala ninayolipwa, ikiwamo hii, fungu moja linaingia kwenye kopo lililo juu ya tangi.

Jioni mzee huja na kiti chake, anakaa mbele ya kioo. Juzi kasamaki kamoja kalimfukuza mwenzake hadi pembeni. Mzee akacheka, kisha akasema polepole, "Furu nao walikuwa hivi hivi."