Saundiba au spika ya kubeba? Mama ndiye aliyeamua

Najua nimekuwa kimya. Msimu wa korosho ukianza huku kusini, mwandishi wa habari anashinda kwenye minada, na akirudi nyumbani hana hamu ya kuandika tena. Leo lakini nina kisa, na kinahusu pesa yangu mwenyewe, tena ya jasho.

Redio ya marehemu baba ilikufa mwezi Agosti. Ilikuwa ya betri kubwa, antena imefungwa waya, na kila asubuhi alikwenda nayo shambani kule Newala. Baba alifariki mwaka juzi, redio ikabaki na mama. Ilipokufa nayo, nikajiambia mtoto wa kiume nipo, nitanunua kitu cha maana.

Jumamosi moja nikazunguka maduka ya Masasi mjini, pale chini ya milima ya mawe. Pesa niliyokuwa nayo ni ya kitu kimoja tu. Huku saundiba ndogo, ile spika ndefu ya kulaza chini ya runinga. Kule spika ya Bluetooth ya kubeba mkononi.

Moyo wangu ulikuwa kwa saundiba. Runinga hizi bapa ni nyembamba mno, spika zake ndogo zimefichwa nyuma au chini, sauti inaelekea ukutani badala ya kumwelekea mtu. Na mama masikio yameanza kuchoka. Kwenye taarifa ya habari anaona midomo tu. Saundiba inatazama watu, na ukiiunga kwa waya wa HDMI sauti na midomo vinakwenda pamoja. Kwa Bluetooth sauti inaweza kuchelewa, mtu kashafunga mdomo ndiyo neno linafika. Tena, niseme ukweli, nilikuwa nawaza mechi za Simba na Yanga nikienda likizo.

Nikapiga simu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Nikamweleza weee, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Hiyo itafika shambani?"

Nikakosa jibu. Saundiba inataka umeme wa ukutani. Ukikatika, inabaki pambo la meza. Na mama kuanzia Oktoba hayupo sebuleni. Yupo chini ya mikorosho anaokota, peke yake, tangu alfajiri. Kumbe mimi nilikuwa nanunua sauti ya sebule ninayokaa mimi!

Basi, spika ya kubeba. Hapo napo nikapata somo. JBL Flip 6 ina alama ya IP67, yaani vumbi haliingii, na hata ikizama kwenye maji ya mita 1 inastahimili nusu saa. Nikakumbuka unga wa salfa tunaopuliza kwenye mikorosho kupambana na ubwiriunga, nikasema ndiyo hii. Lakini haina redio wala pa kuchomeka memori kadi, inategemea simu, na mama ana kitochi. Nikachukua ya Kichina, ya bei nafuu, yenye redio, kadi na flashi. Zile wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi sikuziamini. Nilimwomba muuzaji aiwashe nje, nikasimama ng'ambo ya barabara nikasikiliza. Chenji ikanunua pawabenki.

Kesho yake nikapanda Noah. Gari likakwea mlima, baridi ya Newala ikatupokea. Shambani mama akaifunga spika kwa kipande cha kanga kwenye tawi la mkorosho, tawi lilelile baba alilokuwa akitundika redio yake. Sikumwelekeza mimi. Tukaokota korosho huku redio ikisema, na baada ya muda mrefu akatamka: "Sasa shamba lina mtu."

Nilijifanya naangalia ndoo.

Usiku tulitazama habari. Kila baada ya sentensi mbili aliniuliza, "Amesemaje?" nami nikarudia kwa sauti kubwa. Deni la saundiba lipo palepale, na kwa siku zote nisizokuwepo hakuna wa kumrudia. Msimu ujao, Mungu akipenda.

Wadau, mnaowanunulia wazazi vitu, waulizeni kwanza mchana wanakuwa wapi. Tuonane wiki ijayo.