Coimbatore: Kuchagua Chuo cha Bei Nafuu Bila Kudanganywa na Lango

Wakenya waliosoma India hupenda kutaja Pune, Baroda, Bangalore na Madras, mji ambao tangu 1996 unaitwa Chennai. Ni wachache wanaoutaja Coimbatore. Hata hivyo, kwa mzazi wa Nairobi, Mombasa au Nakuru anayetafuta chuo cha kibinafsi cha sanaa na sayansi ambacho mfuko wake unaweza kukimudu, mji huu unastahili kutazamwa kwa makini. Vyuo vya aina hiyo vimejaa huko kama maduka ya nguo Eastleigh. Na kama ilivyo Eastleigh, bidhaa njema na mbovu hutundikwa ukuta mmoja.

Jambo lenyewe si dogo. Familia nyingi humpeleka mtoto ng'ambo kwa harambee, kwa mkopo wa chama cha ushirika au kwa kuuza kipande cha shamba. Miaka mitatu baadaye mtoto hurudi na cheti. Cheti hicho ndicho kitakachosema kama shamba liliuzwa bure au la.

Mji wa pamba na pampu

Coimbatore, ambao wenyeji huuita Kovai, uko magharibi mwa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, karibu na mpaka wa Kerala. Kutoka Chennai ni safari ya takriban kilomita 500 kwa garimoshi. Upande wa magharibi imesimama milima ya Ghats, na katikati ya milima hiyo kuna pengo kubwa la Palakkad linalopitisha upepo kutoka upande wa bahari. Ndiyo maana joto la Kovai halichomi kama la Chennai. Mwanafunzi kutoka Limuru atalalamika mwezi wa Aprili. Yule wa Garissa hataona ajabu.

Ukitaka kujua kwa nini vyuo ni vingi hapa, anza na viwanda. Kiwanda cha kwanza cha kusokota nyuzi za pamba kilianza 1888. Umeme wa maji ulipofika kutoka Pykara katika miaka ya thelathini, viwanda vikaongezeka hata watu wakauita mji huu Manchester ya India Kusini. Baadaye zikaja karakana za pampu za maji, mota na mashine za kusagia mchele na dengu. Ni katika mji huu ambapo mvumbuzi G. D. Naidu, aliyefariki 1974, alitengeneza mota ya umeme mwaka wa 1937, jambo ambalo Wahindi hulisimulia kwa fahari hadi leo.

Matajiri wa pamba hawakujenga viwanda pekee. Ndugu wanne wa ukoo mmoja maarufu waligawa mali ya baba yao mafungu matano, wakachukua moja moja, na fungu la tano wakaliweka wakfu mwaka wa 1926 kwa kazi za hisani. Wakfu huo, unaojulikana kama PSG, ndio ulioanzisha chuo cha sanaa na sayansi mwaka wa 1947. Serikali nayo ilikuwa na chuo chake cha sanaa, ambacho historia yake inaanzia 1852. Basi elimu katika mji huu ina mizizi. Lakini si kila mti uliopandwa kando ya mwingine hufikia kina kile kile.

Vyuo vya aina tatu

Mgeni hana budi kujua kwamba vyuo vya sanaa na sayansi katika Tamil Nadu ni vya aina tatu. Kuna vya serikali, ambavyo karo yake ni ndogo mno na nafasi zake hugombaniwa na wenyeji. Kuna vya mashirika ya hisani ambavyo serikali husaidia kulipa mishahara ya walimu. Na kuna vile vinavyojitegemea kabisa kwa karo ya wanafunzi. Hivi vya tatu ndivyo vilivyoanza kuchipuka kwa wingi tangu miaka ya themanini, na ndivyo ambavyo mgeni kutoka ng'ambo huelekezwa mara nyingi.

Mambo huchanganyika zaidi kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuwa na pande mbili. Asubuhi kinafundisha kozi zinazosaidiwa na serikali. Alasiri, katika madarasa yale yale, kinafundisha kozi za kujitegemea kwa karo ya juu zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba chuo fulani ni rahisi na kina sifa nzuri, muulize: ni upande gani ulio rahisi, na ni upande gani wenye sifa?

Karatasi ina jina la nani?

Swali la kwanza la mzazi liwe juu ya digrii yenyewe. Vingi vya vyuo hivi havina mamlaka ya kutoa digrii. Digrii hutolewa na chuo kikuu ambacho chuo kimeungana nacho. Kwa eneo la Coimbatore, chuo kikuu hicho kwa kawaida ni Bharathiar, kilichoanzishwa 1982 na kupewa jina la mshairi Subramania Bharati, miaka mia moja tangu azaliwe. Kampasi yake iko chini ya kilima cha Marudhamalai, ambacho juu yake kuna hekalu linalotembelewa na mahujaji wengi.

Vyuo vingine vimepewa uhuru wa kujitungia mitaala na mitihani. Huo ni uhuru wa kuheshimiwa, kwa kuwa hupewa chuo baada ya kukaguliwa. Hata hivyo, digrii bado hubeba jina la chuo kikuu mlezi. Chuo kinachokwepa swali hili, au kinachojibu kwa maneno mengi, kiache.

Juu ya vyuo vikuu vyote kuna tume ya India iitwayo UGC, iliyowekwa kwa sheria ya 1956. Tume hii hutangaza orodha ya vyuo vikuu vinavyotambuliwa, na pia orodha ya vile vya bandia. Kuna tena NAAC, shirika lililoundwa 1994 kupima ubora wa vyuo. Kwa miaka mingi limekuwa likitoa alama za herufi, na vyuo huziandika kwa rangi ya dhahabu juu ya lango. Mzazi mwerevu huangalia mwaka. Alama hizo hazidumu milele. Chuo hutakiwa kukaguliwa upya, na alama ya zamani ni kama picha ya harusi: humwonyesha bwana alivyokuwa, haisemi alivyo leo.

Huku nyumbani pia kuna kazi ya kufanya kabla ya tikiti kununuliwa. Digrii ya kwanza ya sanaa au sayansi katika vyuo hivi ni ya miaka mitatu, ilhali yetu aghalabu ni ya minne. Uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hapa Kenya, na Mamlaka ya Kitaifa ya Kufuzu, jinsi digrii hiyo itakavyotazamwa. Anayetaka ualimu au kazi nyingine yenye baraza lake la usajili aliulize baraza hilo pia. Jibu liwe la maandishi. Jibu la ajenti anayelipwa kwa kila mwanafunzi anayemsafirisha halitoshi.

Ukiingia ndani

Vyuo vingi vya bei nafuu viko nje kidogo ya mji, kando ya barabara kuu zinazoelekea Pollachi, Mettupalayam au Avinashi, kati ya minazi na mashamba. Utapokelewa na lango kubwa, sanamu au picha ya mwanzilishi iliyovishwa shada la maua, na safu ya mabasi ya chuo. Kwenye uzio kutakuwa na mabango ya wanafunzi waliopata nafasi za kwanza katika mitihani ya chuo kikuu. Wanafunzi wanapita na vitambulisho vimening'inia shingoni, na huenda ukashangaa kuona wavulana wameketi upande mmoja wa darasa na wasichana upande wa pili. Masharti ya mavazi ni makali. Kijana aliyezoea uhuru wa kampasi zetu atahisi kwamba amerudi shule ya sekondari.

Hayo yote ni ya nje. Omba kuonyeshwa maabara, na uende saa za masomo. Maabara inayotumika ina harufu. Meza zake zina madoa ya kemikali, na madaftari ya majaribio yamesahihishwa kwa kalamu nyekundu wiki hii, si mwaka jana. Maabara inayong'aa kama sebule ya wageni ni ya kutilia shaka. Katika maktaba, fungua vitabu vya somo ambalo mtoto atasoma na utazame mihuri ya tarehe za kuazimwa, au uulize rekodi ya mwezi uliopita. Kabati lenye kufuli halijasomesha mtu.

Kisha uliza juu ya walimu. Kwa kanuni za UGC, mhadhiri anayeanza kazi anapaswa kuwa amepita mtihani wa kitaifa uitwao NET, au ule wa jimbo, au awe na shahada ya uzamifu. Uliza ni wangapi katika idara wanatimiza sharti hilo, na ni wangapi wamekaa zaidi ya miaka mitano. Malipo duni kwa walimu wa vyuo vinavyojitegemea ni malalamiko ya muda mrefu katika India. Mwalimu anayelipwa kidogo huondoka mara tu apatapo pengine, na darasa huachiwa kijana aliyemaliza masomo jana.

Ukipata nafasi, zungumza na wanafunzi wa mwaka wa tatu mbali na ofisi. Waulize wana masomo mangapi yaliyobaki. Huko somo ambalo mtu ameanguka huitwa kwa neno lile lile la Kiingereza ambalo wapangaji wa Nairobi hulijua vyema, la malimbikizo ya kodi. Na kweli ni deni: hulipi, linakufuata muhula hata muhula, na digrii haitoki. Mahudhurio nayo huhesabiwa. Asiyefika kiwango, ambacho kwa kawaida ni asilimia 75, anaweza kuzuiwa kufanya mtihani.

Gharama zilizojificha

Karo iliyoandikwa kwenye kijitabu cha chuo si gharama yote. Kuna ada ya mtihani, ya maabara, ya maktaba, ya basi, ya hosteli na ya chakula, pamoja na amana. Mgeni anaweza kutozwa zaidi ya mwenyeji. Taka orodha kamili kwa rupia, ya miaka yote mitatu, yenye muhuri. Kuhusu malipo ya pembeni ili kupata nafasi, jimbo la Tamil Nadu liliyapiga marufuku kwa sheria mwaka wa 1992. Anayekuomba pesa bila risiti anakualika kuvunja sheria ya watu ukiwa ugenini.

Jambo jingine ni ahadi ya kazi. Vyuo hujivunia kampuni zinazokuja kuajiri wanafunzi kabla hawajamaliza. Ahadi hiyo ni ya wenyeji. Viza ya mwanafunzi haimruhusu mgeni kuajiriwa, na baada ya digrii inambidi apate viza ya aina nyingine. Mwenye viza ya zaidi ya siku 180 hutakiwa pia kujiandikisha na idara ya wageni ndani ya siku 14 tangu kufika. Chuo kizuri kina ofisi inayomsaidia mgeni katika jambo hili siku ya kwanza.

Maisha ya kila siku

Hindi haitamfaa sana kijana huko Kovai. Watu huongea Kitamil, na wengine Kitelugu na Kimalayalam. Darasani ni Kiingereza, lakini sokoni ni afadhali kujifunza maneno machache ya wenyeji. Chakula ni wali, dengu na mboga, na asubuhi ni idli na dosa. Anayelilia ugali afahamu kwamba wakulima wa sehemu hizo wana wao, wa wimbi, uitwao kali. Pilipili ataizoea.

Si siri kwamba wanafunzi wa Kiafrika hukodolewa macho, na kwamba baadhi ya wenye nyumba huwakatalia vyumba. Kwa sababu hiyo, mwaka wa kwanza ni heri mtoto akae hosteli, hata kama chumba cha nje kinaonekana rahisi. Uliza pia juu ya uonevu wa wanafunzi wapya. Tamil Nadu ilitunga sheria dhidi yake mwaka wa 1997, na UGC ikaweka kanuni zake 2009. Kila chuo kinatakiwa kuwa na kamati. Uliza majina na nambari za simu za wanakamati.

Bei nafuu si aibu. Wako waliosoma katika vyuo vya mabati na wakawa mabingwa. Neno ni hili: kila chuo cha bei nafuu kimepunguza kitu fulani ili bei ishuke, na kazi ya mzazi ni kujua kilichopunguzwa. Kikiwa ni bustani, marumaru na bwawa la kuogelea, hewala, mtoto hatapungukiwa. Kikiwa ni mwalimu, kemikali za maabara au jina halali kwenye cheti, basi hicho ndicho chuo cha bei ghali kupita vyote, hata kama karo yake ni sawa na nauli ya matatu. Cha rahisi kighali, walisema wahenga. Ni heri kutumia mwezi mmoja kuuliza maswali kuliko miaka mitatu kujutia majibu ambayo hukuyatafuta.