Mkandaji wa Kibokoni na taya langu

Husemwa kuwa dawa ya jino ni kung'oa. Mimi niliuamini msemo huo, nikaingia hasara. Kwa miezi minne upande wa kulia wa uso wangu ulikuwa ukiniuma kila asubuhi. Nikaenda katika kliniki moja jijini Nairobi, gego likang'olewa, nikalipa, nikarudi nyumbani na pengo. Wiki mbili baadaye maumivu yalikuwa pale pale, kama mdai aliyekataa kuondoka mlangoni.

Daktari wa pili wa meno alinipima kwa makini zaidi. Alisema meno yangu yamelika kwa sababu nayasaga usiku nikiwa usingizini, na kwamba kinachouma ni misuli ya taya. Alitaka nitengenezewe kifaa cha plastiki cha kuvaa wakati wa kulala. Nilipoambiwa bei yake niliaga kwa heshima, maana karo ya watoto ilikuwa haijalipwa.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipopanda garimoshi kwenda Mombasa kwenye harusi ya binamu yangu. Tulipita Emali, Mtito Andei na Voi. Wenzangu walichungulia madirishani wakitafuta tembo wa Tsavo, nami nilikuwa nikitafuna mkate polepole kwa upande mmoja.

Kutoka Miritini nilipanda matatu hadi mjini, kisha nikaingia Mji wa Kale kwa miguu, nikiipita Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Barabara maarufu ya huko huitwa Ndia Kuu, na jina hilo pekee linamkumbusha mgeni kuwa amefika kwa wenye Kimvita, kwa maana tunaposema njia, wao husema ndia. Vichochoro ni vyembamba, milango ina nakshi, roshani za mbao zimening'inia juu, na harufu ya udi hutoka madirishani.

Shangazi alinipokea kwa mahamri na mbaazi. Aliponiona nikimega vipande vidogo vidogo kama mtu anayelisha kifaranga, aliniuliza kulikoni. Nikamweleza. "Basi kesho twende kwa mkandaji," akasema.

Mkandaji alikuwa bibi wa makamo ya kutosha kuwa nyanya yangu, akiishi ghorofani mtaani Kibokoni. Tulipopiga hodi alijibu kutoka ndani, "Karibuni! Ndoo, mwanangu, keti."

Nilikuwa nimejitayarisha kuvutwa taya kwa nguvu. Kinyume chake, hakunigusa. Alinihoji kwanza. Je, niliwahi kuanguka au kupigwa? Nina homa? Kisha akaniagiza nifungue kinywa na nijaribu kuingiza vidole vyangu vitatu, kimoja juu ya kingine, katikati ya meno ya mbele. Viliingia viwili tu.

"Ungekuwa na uvimbe na homa ningekurejesha hospitali," alisema. "Mie hukanda nyama, bibi. Mfupa siushiki."

Alinawa mikono, akaniwekea kitambaa cha maji ya moto shavuni, kisha akapasha mafuta ya nazi. Akaniambia niume meno kidogo. Msuli ukatuna chini ya vidole vyake, pale kati ya mfupa wa shavu na pembe ya taya. Huo ndio msuli wa kutafunia, nao ni miongoni mwa misuli yenye nguvu sana mwilini. "Sasa legeza," akasema. Akaanza kuzungusha vidole taratibu, akishuka hadi pembe ya taya, kisha akapanda kwenye panja, ambako kuna msuli mwingine unaofunga kinywa. Hapo nikafahamu kwa nini kichwa pia kilikuwa kikiniuma.

Alipofika mahali palipouma zaidi, alituliza vidole akasubiri. Huku akisubiri, akauliza kwa sauti ya chini, "Usiku wamuuma nani, mwanangu?"

Sikulitarajia swali hilo. Nikajikuta nasema jambo ambalo hata mume wangu sikuwa nimemwambia: kwamba mkataba wangu wa kazi ulikuwa ukimalizika mwezi huo, na hakuna aliyenieleza kama utarefushwa. Shangazi alitazama dirishani akijifanya hasikii. Mkandaji alisema tu, "Haya, legeza," akaendelea na kazi yake.

Baada ya nusu saa kidole cha tatu kilikaribia kuingia. Msomaji asidhani ulikuwa muujiza. Asubuhi yake maumivu yalirudi, ingawa yamepungua. Nilikwenda mara tatu, na kila mara malipo yalikuwa chochote nilichojaliwa. Siku ya harusi nilikula biriani kwa pande zote mbili.

Kabla sijaondoka alinifunza kujikanda mwenyewe: kitambaa cha joto kwa dakika kumi, kisha vidole vizungushwe bila kukandamiza sana. Alinikataza chingamu, njugu ngumu na miraa. Tena mchana, alisema, midomo ifungwe lakini meno yasigusane.

Niliporudi Nairobi yule daktari wa pili aliyakubali mafunzo hayo yote. Aliongeza kuwa taya linaloalika bila kuuma si lazima liwe na ugonjwa. Lakini taya lililokaza baada ya mtu kupata jeraha laweza kuwa dalili ya pepopunda, na maumivu ya taya yanayoandamana na kubanwa kifua au kukosa pumzi yaweza kuwa ya moyo. Hayo si ya kukandwa. Ni ya kukimbizwa hospitali mara moja.

Usiku wa kurudi nilimweleza mume wangu habari za mkataba. Tulikaa mezani hadi saa sita, kalamu mkononi, tukipanga kipi kilipwe kwanza na kipi kingoje. Kifaa cha daktari tumekiwekea akiba kidogo kidogo. Asubuhi iliyofuata, nilipoamka, nilijaribu vidole vyangu mbele ya kioo. Viliingia vyote vitatu.