Msomaji Mmoja

Blogu yangu ilikuwa na jina miezi mitatu kabla haijawa na sentensi hata moja. Jina lilipatikana Aprili 2016, barazani kwetu Picha ya Ndege, Kibaha, na sitaliandika hapa kwa sababu bado naona aibu. Lilikuwa na neno "Afrika", neno "media", na herufi moja iliyorudiwa bila sababu yoyote. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina kompyuta mpakato ya kuazima kwa kaka yangu na imani kubwa mno.

Miezi ile mitatu niliitumia kuchagua rangi. Rafiki yangu mmoja alinichorea nembo, ramani ya Afrika inayochuruzika wino kutoka kwenye kalamu. Nilibadilisha templeti mara saba. Kila templeti ilikuja na vyumba vyake: Habari, Michezo, Burudani, Afya, Ajira, Mapenzi. Badala ya kuvifuta, nikaona ni ahadi nilizokwisha kutoa na sharti nizitimize. Ndivyo mtu asiyejua hata kanuni ya kuotea alivyojikuta mhariri wa michezo.

Kwa haki niseme kwamba sikuyabuni makosa haya, niliyarithi. Ndesanjo Macha alipoanzisha Jikomboe mwaka 2004, alikuwa akiandika fikra, kwa Kiswahili, wakati wengi wetu hatujui blogu ni mnyama gani. Mwaka uliofuata, Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alianza ya kwake akiwa Helsinki, Ndesanjo akimwelekeza. Baadaye Maggid Mjengwa akawa anaandika akiwa Iringa. Hao walikuwa na kitu mkononi kabla ya kuwa na blogu: mmoja fikra, mwingine kamera na miaka ya kujuana na watu, mwingine jicho la mikoani. Sisi tuliokuja nyuma tuliona mlango tu, tukadhani kilichowatajirisha majina ni mlango. Nilichoiga kwa Michuzi ni neno "wadau".

Chapisho langu la kwanza lilikuwa "Karibuni wadau". La pili lilikuwa habari niliyoinakili kwenye blogu nyingine, ambayo nayo iliinakili kwingine, kosa la tahajia likiwa limesafiri salama katika vituo vyote. La tatu pia. La tisa au la kumi lilikuwa "Samahanini kwa ukimya", nikiwaomba radhi watu ambao hawakuwa wamegundua kama nimenyamaza. Ombi langu la kuwekewa matangazo ya kulipwa lilirudi likinieleza kuwa lugha ya tovuti yangu haimo kwenye orodha, basi kwa wiki mbili nikaandika Kiingereza cha kubahatisha. Nikaona hata mama yangu, aliyekuwa msomaji wa hakika, ameacha kufungua.

Kuna picha moja nayo niitaje. Tunakaa kando ya barabara ya Morogoro. Ajali tunaziona, na majeruhi wengi hupelekwa Tumbi. Siku moja nilipiga picha, nikaiweka kabla hata vumbi halijatulia. Ilinipatia wageni wengi kuliko yote niliyowahi kuandika. Siku ya tatu mtu aliniandikia kwamba kiatu kinachoonekana pembeni ni cha mdogo wake. Niliifuta. Sikumjibu, kwa kuwa sikujua nimwandikie nini, na mpaka leo sijui.

Baada ya hapo nikaacha habari. Si kwa hekima. Niliishiwa hamu tu. Novemba ile mama alinituma Kisarawe kumpelekea Babu dawa za presha. Ukitazama ramani, Kibaha na Kisarawe ni majirani wa ukuta kwa ukuta, na ipo njia ya Kiluvya hadi Mpuyani kwa mwenye pikipiki na mgongo imara. Kwa daladala, lakini, sharti kwanza uende Dar es Salaam: ushuke Mbezi, utafute gari la Gongo la Mboto, upite Pugu, ndipo upande kilima. Nusu ya siku imekwisha. Ukifika hurudi siku hiyohiyo, na jioni hakuna cha kufanya ila kumsikiliza Babu.

Babu alikuwa mpishi Minaki. Alianza kijana, akiosha masufuria, wakati shule ile bado inaitwa St Andrew's na iko chini ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliokuwa wameihamishia pale kutoka Kiungani, Zanzibar, miaka ya 1920. Yeye Mwislamu, Mzaramo wa Masaki, akipika uji wa wanafunzi wa Kanisa. Alijua nani alikula sana na nani alificha mkate. Alijua kupanda na mzigo wa mihogo kupitia msitu wa Pugu alfajiri, pale udongo mweupe wa kaolini unapoonekana kama unga uliomwagika. Na kama kila mzee wa maeneo yale, aliapa kuwa aliwahi kukutana njiani na mwalimu mmoja mwembamba aliyefundisha Pugu, wakasalimiana. Wazee wote wa Kisarawe walisalimiana na Nyerere. Sijui Mwalimu alipata wapi muda wa kufundisha.

Niliandika usiku ule kwenye simu. Niliporudi Kibaha nikaliweka bila picha, chini ya chumba cha "Burudani" kwa sababu hakukuwa na chumba kingine kinacholingana. Katika mwaka mmoja na nusu yakawa machapisho kumi na tisa. Hayo ndiyo pekee ninayoweza kusema niliyaandika mimi.

Hakuna aliyeyasoma, au ndivyo nilivyodhani. Kila asubuhi nilifungua takwimu kabla ya kunawa uso. Watu kumi na mmoja. Watu tisa. Mmoja Oman, wawili Uingereza, waliobaki Dar es Salaam, maana ukiwa Kisarawe simu hukuhesabu kuwa uko Dar. Kulikuwa na msomaji mmoja aliyefungua kila Jumapili alasiri, chapisho jipya tu, akakaa nalo karibu saa nzima. Nilifikiri ni mtu aliyesinzia na simu mkononi.

Chapisho la tisa lilihusu nyumba ya Babu, na humo nikamwandika Mamdogo, mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi naye. Nilieleza siku aliyorudi kutoka kwa mumewe baada ya miaka miwili, kabati la vyombo likiwa juu ya mkokoteni, sisi watoto tukikimbia nyuma tukihesabu vikombe kupitia kioo. Nikaandika kwamba tangu hapo alizungumza na kuku kuliko alivyozungumza na watu. Niliipenda aya ile. Msomaji wa Uingereza aliniandikia kwamba najua kuchora wahusika. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima. Neno "mhusika" halikunishtua hata kidogo, na aliyehusika nilikuwa nimekula ugali aliousonga siku kumi kabla.

Halafu ikaja 2018. Machi zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni: mwenye blogu asajiliwe na Mamlaka ya Mawasiliano. Ada ya maombi shilingi 100,000, ada ya leseni 1,000,000, na ya mwaka 1,000,000 nyingine. Asiyefuata, faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili, au vyote pamoja. Mei, watetezi wa haki na wadau wa habari walikwenda Mahakama Kuu kanda ya Mtwara wakapata zuio la muda. Kabla mwezi haujaisha zuio likaondolewa. Mimi nilikuwa nikisoma yote hayo kama mtu anayesoma habari za mafuriko ya nchi nyingine. Nilijiambia kanuni zile ni za wakubwa. Juni, JamiiForums walipofunga, na tarehe 15 ikatajwa kuwa mwisho kwa wasio na leseni, nikapiga hesabu ya mapato yangu yote tangu 2016. Yalikuwa shilingi 15,000, tangazo la saluni ya Maili Moja.

Nilifunga usiku wa tarehe 14. Nilibonyeza kitufe cha kuificha, nikajiambia maneno yako salama kule ndani, nitarudi.

Sasa hapa ndipo penye kosa ambalo kijana yeyote akiniuliza habari za kuanzisha blogu humweleza kabla hata ya kumwuliza ataandika nini. Sikuwa na nakala. Hata moja. Nilikuwa nikiandika mle mle ndani, moja kwa moja, kama mtu anayehifadhi mahari yake kwenye nyumba ya kupanga. Na wakati wa kusajili domeini, kwa kutaka nionekane ofisi, niliweka barua pepe yenye jina la tovuti yenyewe. Muda wa kulipia ulipofika Novemba, taarifa za kunikumbusha zilitumwa kwenye anwani ile. Sikuwa nikiifungua tena. Muda ukapita, tovuti ikafa, na anwani ya kuniambia kuwa tovuti inakufa ikafa pamoja nayo. Shilingi elfu ishirini na tano hivi ndizo zilizohitajika.

Niligundua masika ya 2019, wiki tuliyomzika Babu. Mjomba aliniomba nisome kidogo habari zake za Minaki kwenye hitima. Niliandika anwani kwenye simu, ukaja ukurasa wa watu wanaouza domeini. Nikawaandikia waliokuwa wakinihifadhia. Wakanijibu kwa upole kwamba ya zamani hivyo hufutwa. Nikaenda kwenye hifadhi ya intaneti ya Wamarekani, ile inayotunza kurasa za kale, nikatafuta hadi alfajiri. Walikuwa wameupiga picha ukurasa wangu mara moja tu, Julai 2016. "Karibuni wadau", na nembo.

Kwenye hitima nilisema nimesahau kuja nayo.

Ilichukua miaka miwili nikapata ujasiri wa kumwambia Mamdogo ukweli. Ilikuwa Idi, 2021, tuko uani Masaki, yeye anamenya mihogo. Nilitegemea atanionea huruma. Alifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa la kurasa mia moja na ishirini na nane, jalada limeliwa na mende pembeni.

Mwanawe alikuwa dereva wa bodaboda mjini Kisarawe na ndiye mwenye simujanja. Alikuja nyumbani Jumapili tu, na bando lake lilikuwa la masaa. Basi Jumapili Mamdogo alikaa na ile simu akinakili kwa mkono neno kwa neno, ili wiki nzima awe na cha kumsomea Babu baada ya magharibi. Bibi alisikiliza. Wajukuu walisikiliza. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi Minaki pia alikuja na kigoda chake, mara nyingine akibisha. Saa nzima ya kila Jumapili.

Nilifungua daftari nikitetemeka, na nilijua ninakwenda wapi. Chapisho la tisa. Mkokoteni haukuwamo. Kuku hawakuwamo. Mahali pake palikuwa na aya nyingine, kwa mwandiko uleule, bila kufutwafutwa:

"Binti yake mdogo ndiye anayempikia. Alirudi nyumbani kwa sababu alitaka kurudi. Kabati alilinunua mwenyewe kwa pesa za korosho, ndiyo maana hakuliacha. Vikombe vilikuwa kumi na viwili na vimefika vyote."

Nilishindwa kuinua uso. Yeye akaendelea kumenya.

"Nilipofika hapo nikaweka kalamu chini," alisema. "Nikasema, mwanangu huyu hakujua kama nitasoma. Kisha nikakumbuka Baba anasubiri."

"Nisamehe, Mamdogo."

"Baba alipoisikia hiyo alifurahi. Akasema, mtoto huyu ana adabu." Akacheka, na kisu kikasimama kidogo. "Sikumwambia."

Nilimwomba daftari. Akakataa kunipa liende Kibaha. Alisema vitu vikienda Kibaha vinapotea. Aliniruhusu kulipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, uani palipo na mwanga, yeye mwenyewe akishikilia kingo zisijikunje. Picha nilizihifadhi kwenye simu, kwenye flashi, na nyingine nimemtumia mwanawe wa bodaboda.

Sasa nazichapa jioni, baada ya kazi. Sijatafuta jina wala rangi. Aya yake nimeiacha kama alivyoiandika, ila nilipompigia kumwomba ruhusa alitaka niongeze kwamba vikombe vilikuwa na maua ya bluu. Nimeongeza. Nimefika ukurasa wa sitini na tatu, pana neno moja ambalo ama ni "mkate" ama ni "mkataa", na habari inabadilika kabisa kutegemea lipi. Kwenye simu alisema hawezi kukumbuka mpaka alione. Jumapili nakwenda Masaki.