Mfupa Ukisha Kukatwa

Nchi ya Mbinga ni nchi ya miinuko. Mmatengo hulima mahindi, maharage na kahawa ubavuni mwa mlima, na katika mashimo ya ngoro hupanda na kushuka kutwa nzima. Upande wa magharibi nchi huteremka hata Ziwa Nyasa, na huko Lituhi, Liuli na Mbamba Bay mvuvi husukuma mtumbwi majini kwa nguvu ya miguu kabla ya kushika kasia. Mwambao huo ulimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 ukawa wilaya ya Nyasa; lakini mlimani na ziwani, riziki husimama juu ya kiungo kimoja, nacho ni nyonga. Aliyeharibikiwa na nyonga katika nchi kama hiyo ni mfungwa asiye na hatia.

Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo mfano wa tufe. Kimevikwa gegedu laini, na huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Damu yake nyingi hupita katika mishipa myembamba ipandayo shingoni mwa mfupa. Shingo ikivunjika, kama iwapatavyo wazee waangukao, njia hiyo hukatika. Katika ugonjwa wa selimundu, ambao James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe zake mwaka 1910, chembe za damu hupinda mfano wa mundu zikaziba mishipa. Ulevi wa miaka mingi waweza kuleta msiba uo huo. Mfupa ukikosa damu hufa ndani ya mwili ulio hai.

Maumivu yakizidi, kichwa hicho huondolewa na cha bandia huwekwa mahali pake. Kazi hiyo hufanywa katika hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili ya Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mgonjwa hurudishwa kitandani, na mfupa wake hubaki chomboni. Je, mfupa huo ni taka au ni shahidi?

Mpatholojia humchukua kuwa shahidi. Huupima, huutazama uso wake, kisha huupasua kwa msumeno. Mfupa uliokufa huonyesha kabari ya manjano iliyofifia chini ya gegedu, na pengine juu yake pana ufa uliopinda kama mwezi mwandamo. Katika nyonga iliyosagika gegedu limekwisha, mfupa umesuguka ukang'aa kama pembe ya ndovu, na kandokando umeota vinundu. Kipande huhifadhiwa katika formalini, kisha hulowekwa katika asidi mpaka chokaa itoke. Hapa subira ni nusu ya elimu: asidi ikizidi, seli huharibika, ikipungua, kisu hukwama. Baadaye kipande huingizwa katika nta, hukatwa chembamba kuliko unywele, hutiwa rangi, na huwekwa chini ya hadubini. Mfupa ulio hai una seli katika vijumba vyake. Uliokufa vijumba vyake ni vitupu, kama kijiji kilichohamwa.

Wako wasemao kwamba kuchunguza kila mfupa ni gharama bure, kwa kuwa mpasuaji ameijua maradhi kabla ya kushika kisu. Neno lao lina uzito katika nchi yenye wapatholojia wachache, na aghalabu uchunguzi huthibitisha tu yaliyokwisha kujulikana. Lakini mara chache huonekana saratani iliyosafiri kutoka titi au tezi dume, au kifua kikuu kilichojificha mfupani. Na nyonga ya bandia haiponyi hata moja katika hayo. Haki ya chini, basi, ni kila mfupa kupasuliwa na kutazamwa kwa macho, na hadubini isikose penye shaka, au pale mwenye mfupa alipo kijana. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua; na asiyeutafuta hana udhuru bora.

Hata hivyo, kuona si mwisho wa kazi. Kutoka Songea hata Mbinga ni karibu kilometa 100, na kutoka Mbinga hata Mbamba Bay ni kilometa 66 za lami. Basi hufika, jibu la maabara laweza lisifike, au likafika katika Kiingereza cha wataalamu. Mwenye mfupa hulibeba kama hirizi: analo, wala hajui lisemalo. Ilhali Kiswahili kina nyonga, gegedu, selimundu na saratani, maneno ya kutosha kumwambia mtu habari ya mwili wake. Mama akiambiwa wazi kwamba nyonga ya mwanawe iliuawa na selimundu, atajua kuwapeleka na nduguze wakapimwe damu. Mzee akielewa kwamba mfupa wake ulikuwa na kifua kikuu, atamaliza dawa zake hata maumivu yakiisha. Elimu iliyokoma kwenye kioo cha hadubini imefika nusu ya njia. Nusu iliyobaki hupanda mlima wa Umatengo na kushuka ziwani, na mchukuzi wake ni lugha.