Makerere: Hata alalaye nje ana bweni lake

BASI litokalo Nairobi jioni huvuka mpaka usiku na kuingia Kampala asubuhi. Kutoka katikati ya jiji hadi Wandegeya si mbali. Hapo wauzaji wa chapati za mayai, ambazo Waganda huziita "rolex", huwa na majiko yao kando ya barabara. Ukipanda kilima, umefika Chuo Kikuu cha Makerere.

Chuo hiki kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Wakenya wengi wamesomea hapa, akiwemo Rais wa tatu, Mwai Kibaki.

Wageni hukimbilia kupigwa picha mbele ya jengo kuu, lililoungua Septemba 2020 na kujengwa upya. Lakini mzazi anayempeleka mtoto chuoni afadhali atazame mabweni, maana ndiyo yaonyeshayo jinsi mgeni anavyofanywa mwenyeji.

Kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza huandikishwa katika bweni, hata kama analala nje ya chuo. Atakuwa wa Livingstone, Mitchell, Africa au jingine, na huko kuna wadeni na viongozi wa wanafunzi. Wavulana wa Lumumba na wasichana wa Mary Stuart, bweni liitwalo "Box", wana udugu wao na hujiita "Lumbox".

Majina haya yana historia. Ngũgĩ wa Thiong'o alikaa Northcote, ambalo sasa ni Nsibirwa. Martin Luther Nsibirwa, Katikiro wa Buganda, aliuawa kwa risasi mwaka 1945 baada ya kuidhinisha chuo kiongezewe ardhi.

Mwaka huo huo wasichana sita wa kwanza walipokelewa. Hadi wakati huo wito wa chuo ulikuwa "Na tuwe wanaume". Ukabadilishwa kuwa "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo". Kumbe kumkaribisha mtu si kumpa kitanda tu. Pengine humbidi mwenyeji mwenyewe abadilike.

Tangu miaka ya 1990, wanafunzi wanaojilipia karo walipoongezeka, mabweni hayakutosha. Wengi hupanga katika hosteli za watu binafsi huko Kikoni na Wandegeya. Hivyo kijana anaweza kuwa wa Lumumba kwenye karatasi, lakini hajui hata mlango wake. Akiugua au akiacha kuhudhuria masomo, ni nani atakayegundua? Mwenye hosteli huenda akamkumbuka siku ya kodi tu.

Hapo ndipo kazi ya Mkuu wa Wanafunzi, wadeni na washauri hupimwa: si kwa wale wanaowaona kila siku, bali kwa yule asiyeonekana.

Mzazi, usimwache mwanao kituo cha basi. Pandeni kilima pamoja, mjue bweni lake, wadeni wake na ofisi ya ushauri. Nawe mwanafunzi, hata ukilala Kikoni, nenda kwenye mikutano na mechi za bweni lako.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chuoni, jembe ni nafasi katika timu, kwaya au kamati. Asiyepewa jembe hubaki mgeni hadi siku ya mahafali.